Kuipa bahari kisogo kwa siku moja

Angalia ratiba ya ziara yoyote inayouzwa mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni. Basi linaanza kuchukua watu saa mbili asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Linapita hoteli tano au sita, na kila hoteli ina mtu aliyesahau kofia chumbani. Saa tatu na nusu ndipo linashika barabara kuu. Safari yenyewe saa moja, kisha kituo cha choo ambacho pia ni duka la vinyago, na abiria wanashushwa kwenye magofu saa tano na robo, jua likikaribia utosini. Wanatembea dakika arobaini, wanagombania kivuli cha ukuta mmoja, wanarudi garini. Jioni wanasema hakuna cha kuona kule, ni mawe tu. Mawe hayana kosa. Wamepelekwa saa ambayo hata mbuzi wamelala.

Ndiyo maana anayetaka kuacha mchanga kwa siku moja, awe Krete, Bali, Malindi au Cancún, achague saa kwanza, mahali baadaye. Sehemu moja inaweza kuwa furaha saa mbili asubuhi na adhabu saa nane mchana.

Kivuli chako ndicho saa

Jua la utosi halifiki saa sita kamili kila mahali. Serikali hupanga majira kwa sababu zake, na jua halina habari nazo. Málaga, kusini mwa Hispania, iko magharibi mno kwa majira inayoyafuata, na kiangazi saa husogezwa mbele tena. Matokeo yake, mwezi wa Julai jua hufika utosini karibu saa nane na nusu mchana. Cancún ni kama saa saba kasorobo. Bali ni saa sita na dakika ishirini hivi. Mtu aliyeambiwa akwepe jua la saa sita hadi saa tisa anaweza kuanza kupanda kilima cha Málaga saa tisa na nusu akidhani hatari imepita, kumbe jua limeacha utosi saa moja tu iliyopita na joto bado linapanda.

Kipimo kisichodanganya ni kivuli. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua liko juu na miale inayounguza ngozi ni mikali. Kikiwa kirefu kukuzidi, miale imepungua. Joto la hewa nalo lina mwendo wake: hufikia kilele saa mbili au tatu baada ya jua la utosi, kwa sababu ardhi inaendelea kupokea joto jingi kuliko linalotoka. Kwa hiyo asubuhi na alasiri si ndugu. Saa tatu kabla ya utosi na saa tatu baada yake jua liko kimo kilekile, lakini alasiri hewa ni ya moto na kuta zimeshiba joto la siku nzima, zinakurudishia.

Hapo ndipo mpangilio wa siku unapotoka: magofu yaliyo wazi nenda lango likifunguliwa, jua la utosi likukute ndani ya jumba la makumbusho, pangoni au msituni, mji wa kale uache kwa jioni. Krete, kisiwa cha Ugiriki, inafundisha vizuri. Knossos, kasri la watu wa Minos, haina miti ya kutosha na sakafu yake ni mawe meupe yanayorudisha mwanga usoni. Arthur Evans, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1900, alijenga upya baadhi ya sehemu kwa zege na kuzipaka rangi nyekundu, na wanaakiolojia hawajaacha kubishana kuhusu hilo hadi leo. Michoro unayoiona ukutani ni nakala. Ya asili iko katika jumba la makumbusho la Heraklion, mwendo mfupi wa basi kutoka pale. Waelekezaji wengi husema anza na makumbusho ili uelewe magofu. Kwa akili ya kitabu wana haki, ila kwa akili ya ngozi, geuza: Knossos saa mbili asubuhi, makumbusho saa tano, ukapoe huku ukitazama michoro yenyewe.

Ugiriki imeshawahi kulazimika kufanya uamuzi huo kwa niaba ya wageni. Tangu wimbi la joto la Julai 2023, Akropolisi ya Athens imekuwa ikifungwa kwa saa kadhaa za mchana siku za joto kali. Mwenye tiketi ya saa saba mchana hubaki getini, mwenye tiketi ya saa mbili asubuhi tayari yuko hotelini anaoga.

Magofu yenye miti yana ruhusa zaidi. Gede, karibu na Watamu na Malindi, ni mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17 na kumezwa na msitu: msikiti mkuu, kasri, visima, nyumba za mawe ya matumbawe, mibuyu iliyokaa juu ya kuta. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hapo unaweza kwenda hata saa nne na nusu usipate taabu ya jua. Taabu ni mbu. Vaa suruali ndefu na ujipake dawa kabla ya kuingia. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, ila huo ni wa alfajiri, na uende na mwongozaji. Bila yeye utaona miti. Yeye anajua tawi alilolalia bundi mdogo wa Sokoke mchana ule, na anasikia sengi wa makalio ya dhahabu akikwaruza majani kabla wewe hujajua kuna mnyama.

Pwani yenye maji kupwa, tumia bamvua

Bahari ya Mediterania haina kujaa na kupwa kwa maana, hivyo kule siku zote za ufukweni ni sawa. Pwani ya Afrika Mashariki si hivyo. Upande wa mashariki wa Unguja, maji yakikupwa bahari hujitenga mamia ya mita, na aliyelipia kuogelea anabaki na matope, mwani na chaza wa kukata nyayo.

Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Hizo ndizo siku za kwenda ndani ya kisiwa, kwa sababu hupotezi chochote. Ukirudi saa kumi maji yamejaa mbele ya mlango. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, baki ufukweni. Kila siku maji husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kupiga hesabu ya kesho kutwa kwa vidole.

Asubuhi ya namna hiyo inatosha Jozani. Kima punju wa Unguja hawapatikani porini nje ya visiwa vya Zanzibar, na wale walio karibu na mashamba wamezoea watu kiasi cha kukaa njiani. Kuwazoea kusikufanye uwasogelee: mafua yako yanaweza kuwaua. Wana tabia ya kula makaa, na watafiti wanaieleza kuwa makaa hufyonza sumu za majani ya miembe na mikungu wanayokula. Njia ya mbao inayopita kwenye mikoko inapendeza zaidi maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo usishangae ukiikuta kavu siku hiyo. Huwezi kupata vyote. Mashamba ya viungo yana kivuli, yafaa hata mchana. Mji Mkongwe uweke saa kumi na kuendelea, kuta zikianza kupoa.

Milima inayochomoza baharini

Visiwa vingi vya likizo ni vilele vya volkano, na huko kuna raha ambayo watalii wa ufukweni hawaitarajii: baridi. Hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ukiondoka ufukweni Tenerife, katika Visiwa vya Canary vya Hispania, nyuzi 28, kilele cha Teide chenye mita 3,715 kinakukabidhi nyuzi 4, na upepo unazishusha zaidi mwilini. Miale ya jua inafanya kinyume: huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Kwa hiyo mtu hutetemeka huku anaungua, na kwa kuwa hahisi joto hajipaki losheni. Masikio, sehemu ya chini ya pua na nyuma ya magoti ndizo zinazosahaulika.

Vibanda vya nyaya vya Teide hupanda kutoka mita 2,356 hadi mita 3,555 kwa dakika nane hivi. Mambo matatu huharibu siku pale. La kwanza ni upepo: ukizidi, nyaya husimamishwa, hata kama ufukweni jani halitikisiki. Angalia taarifa yao asubuhi hiyohiyo kabla ya kuwasha gari. La pili ni kibali: kutoka kituo cha juu hadi kileleni penyewe unahitaji kibali kilichoombwa mapema, na tiketi ya nyaya peke yake haikufikishi. La tatu ni mwili wenyewe kupandishwa ghafla kutoka usawa wa bahari. Tembea polepole, usikimbilie picha. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, dawa ni kushuka; maji na vidonge havichukui nafasi ya kushuka.

Lipo jambo la nne, na hili ni la hatari hasa kwa watu wa ufukweni: kuzamia. Anayezamia na mtungi wa hewa anatoka majini akiwa na naitrojeni iliyoyeyuka katika damu na nyama za mwili. Inatoka taratibu kwa kupumua. Akipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inageuka mapovu ndani ya mwili, sawasawa na chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mwongozo wa wazamiaji kwa ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Chumba cha abiria cha ndege hushindiliwa hewa hadi kiwango cha takriban mita 2,400 au chini ya hapo. Teide na Haleakalā, volkano ya Hawaii, ziko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo barabara ya mlima inahitaji subira hiyohiyo, na kuongeza saa si uoga. Muuza ziara hatakuuliza kama ulizamia jana.

Haleakalā, kisiwani Maui, ina mita 3,055 na barabara ya lami hadi juu. Kuona jua likichomoza pale kunahitaji gari lililowekewa nafasi: tangu 2017 hakuna gari linaloingia kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi bila nafasi hiyo, na nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Nafasi si kiingilio. Kiingilio hulipwa peke yake. Ukiikosa, nenda kuangalia jua likizama. Mawingu yaleyale, rangi zilezile, huhitaji nafasi, na hukuamka usiku wa manane. Mimi ningechagua machweo hata kama nafasi zingekuwa tele.

Kushuka ndiko kunakoharibu magari. Dereva wa pwani tambarare hukanyaga breki kilomita 30 mfululizo. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama sakafuni. Weka gia ya pili, au kwenye gari la kujiendesha gia weka alama ya L au 2, acha injini izuie mwendo, na breki iguswe kwa vipindi vifupi. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, egesha kando dakika ishirini. Usimwagie maji magurudumu.

Wasiopenda kupanda kwa miguu waende Lanzarote, kisiwa kingine cha Canary, kwenye milima ya Timanfaya iliyolipuka kati ya 1730 na 1736. Ardhi bado ina moto: wahudumu husukuma vichaka vikavu ndani ya shimo vikawaka vyenyewe, na maji yakimwagwa kwenye bomba yanarudi juu kama mvuke unaolia. Huruhusiwi kutangatanga, unazungushwa kwa basi. Foleni ya magari langoni ndiyo kikwazo, na dawa yake ni kufika mapema.

Makorongo, mifereji na ngazi

Hesabu ya mwendo ni hii: kilomita 5 kwa saa, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda ni saa tatu. Kwenye joto ongeza theluthi, inakuwa saa nne. Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa saa, kutegemea joto na jasho. Saa nne ni lita tatu, yaani kilo tatu mgongoni, na ndiyo sababu watu hubeba chupa moja ndogo na kujuta. Kunywa maji matupu kwa saa nyingi huku unatoka jasho hupunguza chumvi mwilini, kwa hiyo kula kitu chenye chumvi njiani.

Korongo la Samaria, Krete, linahadaa kwa kuwa ni la kushuka. Kilomita 16, kutoka zaidi ya mita 1,200 pale Xyloskalo hadi baharini Agia Roumeli, mwendo wa saa nne hadi saba. Hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na hufungwa mvua ikinyesha au joto likizidi. Maji si tatizo, chemchemi zipo njiani. Tatizo ni magoti na kucha. Vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara na kucha hugeuka nyeusi. Zikate siku mbili kabla, na ukifika mwanzo wa mteremko kaza kamba za kiatu upande wa kifundo. Tiketi usiitupe, huonyeshwa wakati wa kutoka ili askari wa hifadhi wajue hakuna aliyebaki ndani. Anayefika alasiri haruhusiwi kupita njia nzima.

Kisha kuna jambo ambalo wenye magari ya kukodi hulisahau: Agia Roumeli haina barabara. Unatoka kwa boti hadi Sougia au Chora Sfakion, halafu basi. Ukiliacha gari juu Omalos, karibu na mwanzo wa njia, utalala mbali nalo. Nenda kwa basi tangu asubuhi, na saa ya boti ya mwisho iandike kabla hujaandika saa ya basi la kwanza.

Njia za Madeira, kisiwa cha Ureno, ziko kinyume: karibu tambarare, lakini nyembamba. Levada ni mifereji ya umwagiliaji iliyoanza kuchimbwa karne ya 15, na njia ya miguu hupita ubavuni mwake. Ile ya Caldeirão Verde inapita mahandaki manne ya giza yenye dari ya chini na madimbwi, kwa hiyo beba tochi ya kichwani. Ya simu inakunyang'anya mkono mmoja unaouhitaji kushika waya wa pembeni. Mwenye kizunguzungu cha kimo aambiwe ukweli mapema: kuna sehemu ambapo kushoto ni maji na kulia ni hewa tupu. Ukipishana na mtu, anayesimama ni yule wa upande wa mwamba. Baada ya mvua kubwa mawe huporomoka na njia hufungwa. Hakikisha iko wazi siku hiyohiyo.

Sigiriya, Sri Lanka, ni mwamba wa karibu mita 200 ambao mfalme Kashyapa aliufanya ngome yake karne ya 5. Ngazi kama 1,200, baadhi za chuma zilizopigiliwa ukutani, na zikishika jua huwezi kuweka kiganja kwenye reli. Mabango yanayoomba kimya si ya heshima tu: nyuki wa mwituni wamejenga kwenye mwamba, kelele na mtikisiko huwachokoza. Michoro ya wanawake wa mawinguni hairuhusiwi kupigwa picha.

Kutoka Sharm el-Sheikh, Misri, watu huenda usiku Jebel Musa, mita 2,285. Panda kwa njia ya ngamia, ambayo humalizika kwa ngazi 750 hivi, na ukitaka ngazi 3,750 za toba shuka nazo mchana, kama magoti yako yanakubali. Majira ya baridi juu kunaweza kuganda, na mablanketi ya kukodi yamelaliwa na wengi, beba koti. Pasipoti iwe mfukoni kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Kosa la kawaida ni la kalenda: monasteri ya Mtakatifu Katarina iliyo chini ya mlima, iliyojengwa karne ya 6, kwa kawaida haipokei wageni Ijumaa na Jumapili, na siku nyingine hufunguliwa saa chache tu za asubuhi. Anayepanda usiku wa kuamkia Ijumaa ataona jua, na atapita mlango uliofungwa.

Kwenye makorongo ya jangwani usiangalie mawingu ya juu yako tu. Mvua hunyesha mbali, maji yakaja kwako chini ya anga la buluu. Siq ya Petra, Jordan, ambayo wengi huiendea kutoka Aqaba kwa saa mbili za gari, ni njia ya kilomita 1.2 kati ya kuta zilizosimama. Mwaka 1963 mafuriko yaliua humo zaidi ya wageni 20 wa Kifaransa. Ukiona maji yamebadilika rangi au ukasikia ngurumo isiyokatika, panda juu papo hapo. Usikimbie kuelekea mlangoni.

Tiketi zenye masharti

Alhambra ya Granada iko ndani ya uwezo wa siku moja kutoka Málaga, lakini tiketi yake ina jina lako na saa yako. Jina hulinganishwa na pasipoti, na saa inahusu kasri za Wanasri, wafalme Waislamu wa zamani wa Granada, tu: una nusu saa ya kuingia, ikipita umeipoteza, bustani na ngome utaziona ila kile ulichokijia hapana. Kutoka lango kuu hadi kwenye kasri hizo ni mwendo wa robo saa, na wengi hukosa nafasi wakiwa tayari wako ndani ya uzio, wanapiga picha mabwawa.

Hal Saflieni ya Malta ni makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Huingia watu 10 kwa zamu, 80 kwa siku, kwa sababu pumzi za watu huleta unyevu na kaboni dioksidi zinazokula rangi nyekundu ya kuta. Nafasi huisha wiki nyingi kabla. Usiende kuuliza dirishani, utajibiwa kwa adabu.

Chichén Itzá, magofu ya Wamaya nchini Mexico, ina mtego wa saa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, magofu yako jimbo la Yucatán, na Yucatán iko nyuma kwa saa moja mwaka mzima. Ukitoka Cancún saa kumi na mbili asubuhi na kusafiri saa mbili na nusu, unafika saa moja na nusu ya kule, nusu saa kabla ya lango kufunguliwa. Hiyo ni zawadi asubuhi. Jioni hulipwa, basi la kurudi linakula saa moja uliyoisahau. Piramidi ya El Castillo hairuhusiwi kupandwa. Ngazi zake 91 kwa kila upande, mara nne, pamoja na ile ya juu, ni 365. Hesabu ukiwa chini.

Baada ya hapo karibu wote huenda kwenye cenote, visima vikubwa vya mwamba vyenye maji baridi. Oga kwanza uondoe losheni, ni sharti, kwa kuwa inachafua maji hayo. Na aliyezoea kuelea baharini ajue maji yasiyo na chumvi hayambebi vilevile. Vaa jaketi la kuokolea, hata kama jana uliogelea vizuri.

Vitu vidogo vinavyokatiza siku

Kitambaa kimoja kikubwa chepesi, mfano wa kikoi, humaliza habari ya mavazi: mabega kanisani, magoti hekaluni, kichwa jangwani. Mahekalu ya Bali yanataka kitambaa kiunoni pamoja na mshipi wake. Huko Bali pia kuna siku ya Nyepi, ambayo hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24 na hakuna mgeni anayeruhusiwa kutoka nje ya hoteli; tarehe yake hubadilika kila mwaka.

Nyani wa hekalu la Uluwatu, hukohuko Bali, wanaiba miwani na simu na kuzirudisha wakipewa chakula. Usivutane nao. Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kusubiri uone kama patavimba ni kosa, ugonjwa huo hausubiriwi.

Pikipiki ya kukodi ni nafuu na inafika penye vichochoro, lakini soma bima yako ya safari: nyingi hazilipi kitu kama leseni yako si ya pikipiki, hata kama mwenye pikipiki hakuiuliza. Gari lenye magurudumu manne kwa wawili mara nyingi ni nafuu kuliko mguu mmoja uliovunjika.

Kuhusu siku ya kwenda: si siku ya kwanza, mwili haujazoea joto na usingizi umevurugika. Mlima uuweke katikati ya likizo, ukiwa umeacha kuzamia tangu juzi. Siku kamili ya mwisho kabla ya ndege, wakati wazamiaji wote wametundika mitungi wakisubiri saa zao 18, ndiyo ya magofu ya chini, makumbusho na soko la asubuhi. Usipande juu, usiende mbali, na chagua mahali penye basi la kurudi zaidi ya moja.